Ngwale Hafi Nikiwepo Mimi

Ijumaa, 6 Juni 2025

Leo wameanza kuonyesha. Miaka tisa nimewasomea watu wa mtaa huu Kiti cha Mvua, kitabu kwa kitabu, kila Jumamosi saa kumi jioni, barazani kwangu, kwa koo hili hili moja nililopewa na Mungu. Leo televisheni imekuja kuifanya kazi hiyo kwa dakika arobaini na tano, na matangazo ya sabuni katikati.

Niandike hasira zangu kwa mpangilio, maana ni nyingi.

Malkia Nyasolo kwanza. Kitabuni ni mwanamke wa haja, akikaa, nchi saba zinatulia. Wametuletea binti mwembamba mwenye kope za kubandika. Halafu Kiti chenyewe, kiti kinachoshusha mvua! Kinafanana kabisa na kiti cha kinyozi wa pale stendi. Kinazunguka! Na mvua ilikuwa ya bomba. Inanyesha upande mmoja wa ua, na upande wa pili mbuzi amesimama mkavu anatafuna. Sisi watu wa Ifakara, ambao mvua inatuhamisha nyumba, tudanganywe kuhusu mvua!

Sasa hili la mwisho. Ngwale. Mlinzi wa lango, mwenye jicho moja, mtu wa maneno machache, kipenzi cha kila aliyewahi kukaa barazani kwangu. Kitabuni anapanda kiboko aitwaye Tope. Leo katokea juu ya punda.

PUNDA!

Nilisimama nikapiga kelele. Joachim akaniambia niketi, nawaziba wenzangu. Tulikuwa kwenye banda lake. Huyu Joachim Komba ni fundi wa madishi, ana televisheni kubwa kama mlango wa ghala na viti vya plastiki themanini. Vyote vilijaa. Barazani kwangu wanakuja arobaini, na hapo nimehesabu na watoto wa mgongoni.

Kelestini mvuvi akasema punda ni sawa kabisa. Yeye amekaa mtoni miaka thelathini, na hajamwona mtu aliyepanda kiboko akarudi kusimulia. Nikamwambia hii ni hadithi. Akasema hata hadithi iwe na adabu kwa kiboko. Watu wakacheka! Badala ya kukasirika, wakacheka.

Jumamosi, 7 Juni

Wamekuja kumi na mmoja. Kumi na mmoja!

Tumefika kitabu cha sita, cha mwisho. Nimesoma kwa sauti zote: ya Malkia, ya mchawi Likoko, hata ya fisi. Nimetoka jasho. Dada mmoja akauliza kwa heshima zote kama naweza kufupisha, maana wale wa televisheni wanakwenda haraka.

Mama Scolastica alikuwepo, namshukuru. Hajakosa Jumamosi hata moja tangu amzike mumewe miaka saba iliyopita. Anatandika mkeka wake mbele, upande wa sikio lake zima, anasuka ukili na kusikiliza. Leo akaniuliza kama naumwa, sauti imepungua. Siumwi mama. Nina uchungu.

Mke wangu Margareta anasema nitulie, watu wakishazoea televisheni watarudi wenyewe. Margareta hana mkakati. Mimi ninao.

Jumatano, 11 Juni

Nimetangaza mgomo kwenye kundi letu la WhatsApp. Maneno makali lakini ya kiungwana: kuanzia Ijumaa hii, hakuna msikilizaji wa kweli wa Kiti cha Mvua atakayekanyaga banda la Joachim mpaka kiboko arudishwe. Sitini na watatu wameweka dole gumba. Wa kwanza kuweka ni Joachim mwenyewe. Hilo sikulipenda.

Lazima nieleze kuhusu Joachim. Ni Mngoni wa Songea, mimi Mpogoro wa Mahenge. Watani! Ananipa shikamoo vizuri kabisa, kwa kuinama, kisha ananiita mateka wake. Anawaambia watu kwamba babu yake alimwacha babu yangu hai kwa sababu tu alijua kupika. Nami siwezi kumkasirikia, maana anayemkasirikia mtani wake ameaibika yeye. Basi miaka yote hii nacheka. Meno yameniuma kwa kucheka.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikwenda bandani kuangalia kama mgomo unaheshimiwa. Kwa sababu hiyo tu.

Nikawakuta wote. Kila mmoja alikuja kuangalia kama wenzake wamegoma. Mama Scolastica alikuwa mstari wa mbele, anakagua. Katekista Leodegar naye, akasema anapita tu, huku ameshika soda. Basi tukakaa wote tukakagua.

Dakika ya thelathini na nane wamemuua Ngwale.

Mshale wa Likoko, langoni. Akaanguka kutoka kwenye punda. Punda akaendelea kula majani. Hata kushtuka hakushtuka!

Banda likalipuka. Mtu akarusha kandambili, Joachim akaikinga televisheni yake kwa kifua. Wengine wakawa wanarekodi sauti za matusi na kuzituma kundini, wanamtukana mtu asiyejulikana huko Dar es Salaam. Katekista, ambaye sijamsikia akipaza sauti hata kwaya ikipotea, akasema huu ni ushenzi. Mama Scolastica akaweka mikono kichwani akalia kilio cha msibani, kile cha kweli.

Kisha wote wakanigeukia. Wananiita Mwalimu, ingawa sijafundisha hata chekechea, mimi ni mtu wa steshenari na picha za pasipoti. Mwalimu Amedeus, wakauliza, haya yamo kitabuni?

Nikapanda juu ya kiti. Nikasema ni uongo mtupu! Ngwale hafi! Nani basi anamvusha Malkia Mto wa Majivu katika kitabu cha nne? Nani anaoa katika kitabu cha tano? Wakapiga vigelegele. Wakanibeba juu juu mpaka nyumbani. Sijawahi kubebwa maishani mwangu. Ni kuzuri sana.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja mia na sita. Joachim kaleta viti vyake mwenyewe kwa mkokoteni. Jirani amekalia ndoo. Nimesoma kama nabii. Ningekufa leo ningekufa na raha zangu.

Tatizo likaja mwishoni. Wakaamua tuandike barua ya kuipinga televisheni. Sawa. Saini za wote. Sawa. Na tuambatanishe kopi ya kurasa za kitabu cha pili, zinazoonyesha kwamba Ngwale alipona vita ya langoni. Wazo la nani? La Joachim! Wote wakanitazama kwa upendo, kwa kuwa seti ya vitabu hivi mjini hapa ninayo mimi peke yangu, niliipata maktaba moja ya zamani ilipokuwa inafungwa, na mashine ya kutoa kopi pia ninayo mimi.

Shajara, wewe huna mdomo. Nikuambie.

Ngwale anakufa. Kitabu cha pili, ukurasa wa 212. Mshale wa Likoko, langoni, vilevile walivyoonyesha. Punda tu ndiye wa kwao.

Nilifika ukurasa huo miaka saba iliyopita. Mama Scolastica alikuwa na wiki tatu tangu amzike mumewe. Nilikuwa nasoma, naye akaacha kusuka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba na huyu naye akifa, yeye hapa harudi tena. Macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye neno "akaanguka". Nikasoma "akainuka". Ningefanyaje? Alikuwa ameshika ukili hivi, ananitazama.

Tangu siku hiyo mambo yote ya Ngwale yanatoka kichwani kwangu. Mto wa Majivu ni wangu. Harusi ni yangu. Yale maneno yake ya pangoni kuhusu kusamehe, ambayo Katekista aliyatumia kwenye mafundisho ya komunio ya kwanza, ni yangu, niliyatunga nikiwa naoga. Mwandishi mwenyewe baada ya ukurasa wa 212 anamtaja Ngwale mara moja tu, na ni kaburi lake.

Wakiuona ukurasa huo, sina baraza tena. Nitabaki mtu wa kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Lazima wasiuone, basi.

Jumatatu, 16 Juni

Mkakati wa kwanza: nimechomoa fyuzi ya mashine yangu mwenyewe ya kopi na kubandika karatasi mlangoni, MBOVU. Nimekaa dukani nimeshika tama. Nimepoteza wateja wote wa asubuhi, wakiwemo walimu wenye mitihani ya darasa zima.

Saa tano Joachim akaingia na begi la vifaa. Shikamoo mateka, kasikia mashine ni mgonjwa. Nikamwambia ni jambo kubwa, inahitaji mtaalamu kutoka Morogoro. Akaitengeneza kwa dakika nne. Bure! Akasema ni mchango wake kwa Ngwale. Akanyoosha mkono, haya, kitabu cha pili kiko wapi, tutoe kopi kabisa.

Nikasema nimemwazima shemeji yangu, yuko Uchindile. Nilichagua Uchindile kwa sababu ni mbali na barabara ni mbaya. Nikajipongeza.

Jumanne, 17 Juni

Mpwa wa Mama Scolastica anaendesha lori la magogo. Kutoka wapi? Uchindile! Anashuka kesho, atakipitia kitabu.

Nimempigia shemeji ili akubali uongo wangu. Mtandao ukakatika mara tatu. Mara ya nne akaniuliza habari za mbuzi wake niliyeahidi kumpelekea tangu Pasaka. Nikakata mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Mpwa kafika. Shemeji amemwambia hajawahi kuona kitabu chochote kutoka kwangu, wala mbuzi. Na amekasirika kusingiziwa. Ujumbe huo wa mbuzi mpwa kautoa mbele ya watu kumi na wanane.

Mama Scolastica akaniuliza taratibu, mwanangu, kitabu kiko wapi?

Mdomo wangu huu! Ukafunguka wenyewe. Nikasema loo, nimekumbuka, kimo ndani. Ila kwa desturi zetu, mtu akifa, vitu vyake havifunguliwi kabla ya matanga. Televisheni wamekwishamuua Ngwale mbele ya watu. Ni kweli hakufa, lakini msiba umetangazwa nchi nzima, hatuwezi kujifanya hatukusikia. Tuomboleze kwanza, tutoe uchungu, barua itaandikwa baada ya arobaini.

Nikadhani nimekwisha. Kisha Mama Scolastica akasema ni kweli, alikuwa anahisi kuna kitu hakijafanyika.

Alhamisi, 19 Juni

Nimehesabu. Arobaini ya Ngwale inaangukia tarehe 23 Julai. Sehemu ya mwisho ya mchezo ni tarehe 18. Mpaka hapo nani atakumbuka barua? Kichwa hiki nilichonacho kinapotea bure kwenye steshenari.

Matanga ni Jumamosi, hapa kwangu. Kamati imeundwa. Nimewaona wakijadili turubai kwa umakini ambao hawakuuonyesha alipofariki baba yangu mdogo. Mavuno ni mapya, kila mtu anajitolea mchele. Kelestini ataleta kambale. Katekista kauliza kama marehemu alibatizwa. Nikasema hakuna ushahidi. Akasema basi sala hazitakuwepo, ila chakula atakuja.

Margareta kaniuliza kama nina akili timamu. Akaenda kuanua mpunga.

Jumamosi, 21 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi, ilikuwa nzuri.

Turubai lilijaa. Kinamama kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya Joachim, masufuria matatu ya wali jikoni. Mezani nilipanga vitabu, cha kwanza, cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita, nikavifunika kwa kanga. Cha pili nilikificha chini ya godoro langu, mahali ambapo hakuna mgeni anayefika. Nikakaa kama mfiwa mkuu. Watu wananishika mkono, pole Mwalimu. Wengine walilia kweli. Nikasimama kusoma wasifu wa marehemu, kurasa nne.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika utoto wake, nikasikia filimbi.

Joachim. Na Wangoni wenzake sita wa sokoni, wamejipaka majivu, wamevaa magunia. Mbele yao punda! Punda wa kweli, wamemwazima kwa wafugaji, na juu yake jamaa mwenye kipande cha boksi jichoni, anapiga kelele kwamba yeye ndiye Ngwale, hajafa, amesikia harufu ya ubwabwa.

Nilisahau! Mimi, Mpogoro mtu mzima, nimetangaza msiba na kuusahau utani! Ukiweka msiba umewaita watani, hawahitaji kadi. Na mtani akishaingia msibani anafanya anavyotaka. Turubai zima lilikuwa linacheka, hata Mama Scolastica amejifunika mdomo kwa kanga.

Wakaingia ndani. Ndiyo haki yao, wanatoa vitu vya nyumba mpaka mfiwa avikomboe. Wakatoka na sufuria. Wakatoka na jogoo. Wakatoka na suruali yangu ya Jumapili, mmoja kaivaa kichwani. Nikacheka, hahaha. Kisha nikasikia kitanda kinakwaruza sakafu.

Nilikimbia. Nikasimama mlangoni, nikasema jamani, godoro si la marehemu. Joachim akauliza kwa sauti ili wazee wasikie, mfiwa anawazuia watani? Wazee wakaguna. Ule mguno! Nikajikuta nimesogea pembeni. Miguu ni yangu, lakini ilisogea yenyewe.

Godoro likatoka vichwani mwao. Kitabu cha pili kikaanguka barazani, mbele ya miguu ya Katekista.

Joachim akakiokota, akakiinua juu. Akasema fidia ya mateka leo ni ndogo sana, tunataka tu tusomewe pale Ngwale anapopona. Nikasema karatasi hiyo imechanika. Akasema tutaona. Kitabu kikafunguka chenyewe ukurasa wa 212. Nimeufungua mara nyingi mno miaka hii saba, mgongo wa kitabu umezoea.

Akaanza kusoma kwa kuniigiza, sauti ya puani, mkono hewani. Watu hoi. Mstari wa nne akaacha kuniigiza. Akanitazama. Joachim alitaka kukifunga kile kitabu, niliona kabisa, alikuwa ameshaanza kukifunga. Mama Scolastica akasema aendelee.

Akaendelea. Mshale ukampata chini ya bega, akaanguka, na hakuinuka.

Mama Scolastica akauliza, si kwa ukali, kama anayeuliza njia, sasa yule aliyemvusha Malkia Mto wa Majivu alikuwa nani?

Nikasema, nilikuwa mimi.

Wakaondoka mmoja mmoja. Kila mmoja alinishika mkono akasema pole. Afadhali wangenitukana! Masufuria matatu ya wali yamebaki kama yalivyo, na hakuna aliyemkumbuka jogoo. Nimemfungua kwenye gunia mwenyewe.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani hakuna aliyenitazama, na wakati wa kutakiana amani nimepewa vidole viwili.

Mchana Margareta kaniambia alijua. Alijua tangu mwaka ule ule! Nilikwenda Morogoro kufuata wino wa mashine, akakisoma kitabu cha pili kizima kwa siku mbili. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema na yeye alitaka apone. Kisha akaongeza kwamba harusi ya Ngwale ilikuwa na maneno matamu kuliko aliyowahi kuambiwa yeye ndani ya nyumba hii. Nikaenda kukaa uani.

Jioni Joachim kaleta godoro. Kalilaza kitandani mwenyewe, katandika na shuka. Shikamoo kaka. Basi. Hakuniita mateka wala hakumtaja babu yangu. Nimejaribu kumchokoza, nikamwambia Wangoni ni wezi wa magodoro. Akasema pole kaka, akaondoka. Hilo limeniuma kuliko yote. Nimekaa kwenye godoro nikalia, niseme tu ukweli.

Ijumaa, 27 Juni

Sikwenda bandani. Kelestini kapita kuniletea kambale, na habari. Anasema watu wanaangalia tu, kimya, hakuna anayerusha hata kandambili. Bila Ngwale hakuna raha. Hata punda hayupo. Nikamuuliza kama kuna anayenizungumzia. Akafikiri sana, akasema hapana. Angedanganya kidogo jamani, angepungukiwa nini?

Jumamosi, 28 Juni

Saa kumi nilitoka barazani. Mazoea tu. Nikakaa na kitabu cha sita mapajani, kimefungwa. Saa kumi na robo hakuna mtu. Margareta akatoka ndani akakaa pembeni yangu. Miaka tisa hajawahi kukaa mbele, husikilizia jikoni.

Halafu Mama Scolastica akakunja kona na mkeka wake begani. Nyuma yake Kelestini. Nyuma yake Katekista. Nyuma yao mkokoteni wa viti, na Joachim anausukuma. Niliacha kuhesabu walipofika tisini.

Mama Scolastica alisema kwa niaba ya wote. Kwamba mwaka ule aliokuwa mjane mpya, aliomba kitu bila kujua anamwomba nani, na kuna mtu akasikia. Kwamba alikasirika siku mbili, siku ya tatu akajikuta anawaza Ngwale atafanya nini Likoko akirudi. Televisheni ina Ngwale wake, mwandishi ana wake, amemzika. Wao wamekuja kwa ajili ya Ngwale wao. Niendelee pale nilipoishia. Na kitabu niweke chini, hawakihitaji. Wanajua Ngwale wao anatoka kichwani mwangu, na wanamtaka huyo huyo.

Joachim akasema, mateka, acha kulia, simulia.

Sijawahi kupendwa hivyo. Watu tisini na zaidi, hawataki chochote isipokuwa mimi nifungue mdomo. Hawakutaka ushahidi wala ukurasa. Hata Margareta alikuwa ananitazama kama siku za uchumba.

Nikafungua mdomo. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi hata kidogo, kwa kuwa yote nitakayosema kuanzia leo yameandikwa, neno kwa neno, katika kitabu cha saba.

Kitabu cha saba hakipo. Mwandishi aliishia cha sita. Sijui nilisema kwa nini. Ilisikika vizuri.

Margareta aliinuka akaingia ndani. Mama Scolastica akachukua ukili wake akaanza kusuka. Joachim akauliza kwa upole sana kitabu hicho kiko wapi. Nikasema kiko Morogoro, kwa fundi wa majalada, kinashonwa. Akafurahi. Anakwenda Morogoro Alhamisi kufuata vipuri, atakipitia, nimwelekeze tu duka.

Kwa hiyo nina siku nne. Nimeshanunua kaunta buku nene kabisa, nimechanganya chai na majivu kidogo ili karatasi zionekane za zamani, na Jumatano usiku nadandia basi, niwe Morogoro kabla yake, nitafute fundi yeyote wa majalada nimfundishe la kusema. Nimefika ukurasa wa sita. Mkono unauma, na Margareta amekataa katakata kunishonea jalada.

Sijui kwa nini watu hawa wanapenda kunitia kwenye matatizo.